Somo la Kumi na Moja: Kuujaribu Mfumo wa Haiku katika Laptopu ya Zamani

Wewe unayelisoma somo hili kwa kuwa siku ile redio haikuwa karibu nawe, soma polepole. Ikiwa unayo laptopu ya zamani nyumbani, iweke mezani mbele yako, lakini usiiwashe kwanza. Nitakuambia wakati wa kuiwasha.

Siku hizi katika nyumba nyingi imo laptopu iliyostaafu. Imewekwa juu ya kabati, au chini ya kitanda ndani ya mkoba wake, na chaja yake iliazimwa zamani wala haijarudi. Ukimwuliza mwenyewe kwa nini haitumii, atakujibu, "Imekuwa nzito." Hasemi uzito wa kilo. Asema kwamba ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashine nyingi za umri huo hazikubaliwi na Windows 11. Basi wenye mashine hizo wamebaki njia panda. Kibodi ni nzima, kioo hakina ufa, betri yashika saa moja au mbili, lakini mfumo uliomo ndani umeachwa na wenyewe.

Leo nataka kukuonyesha njia moja ya kuipa kazi mashine ya namna hiyo. Si njia pekee. Mtu akinijia akasema, "Mwalimu, nataka laptopu ya kazi ya kila siku, ya benki na mikutano ya video," nitamwambia aende kwa Linux, wala sitapoteza wakati wake. Lakini uko mfumo mwingine, mdogo na mwepesi, ambao watu wameutengeneza kwa kupenda tu, wengi wao usiku baada ya kutoka kazini. Jina lake ni Haiku. Nimeuchagua kwa sababu waweza kuujaribu bila kugusa kitu chochote kilichomo katika mashine yako, na kwa sababu ukiujaribu utaelewa jambo ambalo watu wengi hutumia kompyuta miaka ishirini bila kulielewa: kwamba kompyuta ni kitu kimoja, na Windows ni kitu kingine.

Tuanze hapo. Mfumo endeshi ni nini? Fikiri bandari. Zipo meli zinazongoja, yapo magari, yapo maghala, wapo makuli. Kila mwenye mzigo ataka wake ushuke kwanza. Asipokuwapo msimamizi wa kusema meli hii iingie, gari lile lingoje, mzigo huu uende ghala la pili, itakuwa fujo. Ndani ya kompyuta ni hivyo hivyo. Prosesa, kumbukumbu, diski, kioo na kibodi ndiyo bandari. Programu ndizo zenye mizigo. Msimamizi ndiye mfumo endeshi. Windows ni msimamizi, Linux ni msimamizi, na Haiku ni msimamizi. Bandari ni ile ile. Waweza kumwondoa huyu ukamweka yule, au ukawaweka wawili wapokezane zamu.

Sasa asili ya Haiku. Mwaka 1990 Bwana Jean-Louis Gassée, Mfaransa aliyekuwa na cheo kikubwa katika kampuni ya Apple huko Marekani, alitoka akaanzisha kampuni yake, akaiita Be. Kampuni hiyo ilitengeneza mfumo mpya tangu msingi, ukaitwa BeOS. Mwaka 1996 Apple wenyewe walikuwa wakitafuta mfumo wa kununua, maana wao wenyewe walikuwa wameshindwa kutengeneza mpya. Wakazungumza na Be, bei isipatane. Mwezi wa Desemba mwaka huo Apple wakatangaza kwamba wanainunua NeXT, kampuni ya Steve Jobs, kwa yapata dola milioni 400, na kutokana na mfumo huo ndiko kulikotoka mfumo wa kompyuta za Mac na wa simu za iPhone tunazoziona leo. Be ikabaki na mfumo mzuri usio na mnunuzi. Mwaka 2001 mali yake ikauzwa kwa kampuni ya Palm kwa dola milioni 11. Linganisha mwenyewe hesabu hizo mbili.

Kwa desturi habari ingeishia hapo. Kampuni ikifa, mfumo wake hufa nayo, kwa kuwa maandishi ya ndani, yaani msimbo, hufungiwa kabatini. Lakini mwaka huo huo wa 2001 watu waliokuwa wakiutumia, wakiongozwa na Bwana Michael Phipps, waliazimia kuuandika upya kwa mikono yao na kumpa kila mtu bure. Wakauita OpenBeOS. Mwaka 2004 wakaubadili jina, maana neno Be lilikuwa mali ya wengine, wakachagua Haiku, jina la mashairi mafupi ya Kijapani. Jina hilo lina sababu yake: kivinjari cha BeOS kilipokuwa kikishindwa kufungua ukurasa, kilikuombea radhi kwa shairi fupi la namna hiyo. Watunzi wetu wa mashairi, nadhani mngewapenda watu wale.

Kazi haikuwa ndogo. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka mwaka 2009, miaka minane baada ya kuanza. Toleo la kwanza la daraja la pili ya majaribio, liitwalo beta, lilitoka mwaka 2018. Beta ya tano ilitoka mwezi wa Septemba 2024. Hesabu: miaka ishirini na mitatu, na bado wenyewe wanauita mfumo wa majaribio. Hilo ni neno la ukweli, nawe lisikie hivyo. Mwaka 2021 chama chao kidogo kilianza kumlipa mtu mmoja afanye kazi hiyo mchana kutwa, kwa michango ya watumiaji. Wengine waliifanya kwa kujitolea.

Je, una faida gani? Nitaeleza mambo mawili tu, kwa kuwa hayo ndiyo utakayoyaona kwa macho yako.

La kwanza ni wepesi. Fikiri posta yenye madirisha matano lakini karani mmoja. Mteja wa dirisha la kwanza akileta kifurushi chenye matatizo, madirisha manne yote yamesimama, na watu wanaguna. Programu nyingi za zamani ziliandikwa hivyo. Watengenezaji wa BeOS waliweka kanuni kwamba kila dirisha linalofunguka kiooni liwe na karani wake, na Haiku wameifuata. Ndiyo maana programu moja ikiwa na kazi nzito, madirisha mengine huendelea kukuitikia. Tena mfumo wenyewe hauli sana. Kiwango cha chini walichoandika ni kumbukumbu ya MB 384 na nafasi ya diski GB 3. Hicho ni kiwango cha kusimama tu. Wao wenyewe hushauri kumbukumbu ya GB 2 na nafasi ya GB 16, nami nakubaliana nao. Laptopu ya mwaka 2010 kwa kawaida inazo.

La pili ni jinsi unavyoweka mafaili. Katika mifumo mingi faili ni kama bahasha: nje pana jina, ukubwa na tarehe, basi. Katika Haiku waweza kuandika nje ya bahasha mambo mengi upendavyo. Barua ya intaneti huhifadhiwa kama faili moja, na nje yake pameandikwa aliyeipeleka, kichwa cha habari, na kama imesomwa au la. Mtu katika kitabu chako cha anwani ni faili, na nje yake pana simu yake na mji wake. Kisha waweza kuuambia mfumo, "Nipe barua zote za mtu fulani ambazo sijazisoma," nao hujibu kwa upesi, kwa sababu maandishi yale ya nje huwekewa faharasa kama ya kitabu. Na orodha hiyo hubaki hai: barua mpya ikiingia, huingia yenyewe katika orodha iliyo wazi mbele yako. Aliyeutunga utaratibu huo pamoja na mwenzake ni Bwana Dominic Giampaolo, miaka ya tisini. Mimi nimetumia mifumo mingi, nao huo ndio ninaoukosa kila nikirudi katika mingine.

Hasara zake nazo ni nyingi. Hadi beta ya tano mfumo huu haukujua kuilaza laptopu usingizi. Ukifunga kifuniko, betri huendelea kuliwa. Michezo ya picha za 3D si yake. Vifaa vya Bluetooth na kamera ya laptopu usivitegemee. Waifai hukubali katika mashine nyingi lakini si zote. Tena hauna watumiaji mbalimbali wala neno la siri la kuingilia: anayeiwasha mashine ndiye mwenye mashine. Kwa hiyo usiweke humo daftari la mikopo ya chama wala karatasi za siri.

Sasa tufike kwenye kazi.

Kwanza pata kompyuta nyingine inayofanya kazi, na flashi ya GB 4 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, kwa maana itafutwa yote. Nenda kwenye tovuti ya Haiku yenyewe, haiku-os.org, upakue faili la mfumo. Utaona aina mbili: ya biti 64 na ya biti 32. Laptopu ya miaka kumi na tano iliyopita huwa ya biti 64. Ile ya 32 ni ya mashine kuukuu zaidi, nayo ina sifa ya kuendesha hata programu za BeOS za wakati ule.

Karibu na mahali pa kupakulia utaona mstari mrefu wa herufi na tarakimu, uitwao SHA-256. Huo ni kama lakiri ya barua. Faili likiharibika njiani hata kwa herufi moja, lakiri haitalingana. Katika Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Katika Linux ni sha256sum na jina la faili. Watu huiruka hatua hii kwa uvivu. Mtandao wetu ukikatika mara tatu katikati ya kupakua, usiiruke.

Kisha liandike faili katika flashi. Nasema liandike, sisemi linakili. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. Ukilivuta tu na kulidondosha ndani ya flashi kama wimbo, laptopu haitawaka, kwa maana faili lile ni picha ya diski nzima, pamoja na kizingiti chake cha kuamshia mashine. Lazima upate programu ya kuitandaza picha hiyo juu ya flashi: Rufus kwa Windows, balenaEtcher kwa mifumo mingi, au amri ya dd kwa wanaoijua Linux. Hao wa dd wawe na hadhari mara mbili, kwa kuwa amri hiyo haiulizi swali. Ukiitajia diski isiyo yake, itaifuta bila neno.

Sasa chomeka flashi katika laptopu ya zamani, uiwashe. Mara tu unapobonyeza, gonga kitufe cha kuchagulia mahali pa kuamkia. Katika Dell na Lenovo nyingi ni F12. Katika HP nyingi ni Esc kisha F9. Chagua flashi.

Mashine ikikataa kabisa kuiona flashi, au ikisema haina ruhusa, huenda Secure Boot imewashwa. Huyo ni bawabu wa mlangoni anayedai kila mfumo uonyeshe hati yenye sahihi anayoitambua, na Haiku haina hati hiyo. Utaingia katika mipangilio ya mashine, mara nyingi kwa F2 au F10, umwambie bawabu apumzike. Lakini ngoja! Ikiwa laptopu ina Windows iliyofungwa kwa BitLocker, ukimwondoa bawabu huenda Windows siku ya pili ikakudai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute ufunguo huo kwanza, mara nyingi umo katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, uuandike kwa kalamu katika karatasi. Usipoupata, mrudishe bawabu mahali pake uache.

Haiku ikiamka utaona mstari wa picha ndogo zikiwaka moja baada ya moja. Ya mwisho ni roketi. Roketi ikiwaka, umekaribia. Zikisimama katikati, zima, uwashe tena, na safari hii shikilia kitufe cha Shift tangu mwanzo. Kwa mashine za UEFI gonga-gonga kitufe cha nafasi. Itakuja orodha yenye njia za tahadhari. Ya kwanza ya kujaribu ni ile ya kutumia dereva wa picha wa usalama, hasa kama kioo kilikuwa cheusi.

Kisha utaulizwa lugha, na utaonyeshwa vitufe viwili: cha kujaribu na cha kusakinisha. Bonyeza cha kujaribu. Tangu hapo unaendesha Haiku kutoka katika flashi, na diski ya laptopu imelala kama ilivyokuwa. Kwenye pembe ya kulia juu utaona jani. Ndilo mlango wa programu zote. Kila dirisha lina kichwa cha manjano kifupi kama kichupo cha faili la ofisini. Jambo litakalokuudhi siku ya kwanza ni kibodi: kunakili si Ctrl na C, bali Alt na C. Vidole vitazoea kwa juma moja.

Kaa nayo hivyo siku kadhaa. Pima vitu kwa utaratibu. Je, waifai yaona mtandao wa nyumbani? Je, sauti yatoka? Je, mwanga wa kioo wapungua ukitaka? Je, inazima vizuri, au feni inaendelea kuvuma? Fungua ghala la programu liitwalo HaikuDepot, usakinishe LibreOffice kwa barua na hesabu, au kivinjari Falkon ikiwa kile cha WebPositive kinashindwa na tovuti unazozihitaji. Unayobadilisha hubaki katika flashi ile ile. Kama waifai haikubali hapa, usijidanganye kwamba itakubali baada ya kusakinisha. Haitakubali.

Wasikilizaji, kabla sijafika kwenye kusakinisha, nitawaeleza kosa langu mwenyewe, ijapokuwa kulisema kunanitia haya.

Dada yangu alikuwa na laptopu ya zamani. Akaniambia, "Kaka, ichukue uitengeneze, mimi siitumii tena." Nikaichukua. Nilikuwa nimekwisha sakinisha Haiku katika mashine nne, nikajiona fundi. Usiku ule umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, betri imechoka, nami nikawa na haraka nimalize kabla haujakatika tena. Programu ya kugawa diski ikanionyesha diski mbili. Nilikusudia kusakinisha katika flashi ya pili, nijaribu tu. Nikagusa mstari wa juu badala ya wa chini, nikachagua kuianza diski upya, nikaulizwa kama nina hakika, nikasema ninayo. Dakika chache baadaye ikawaka vizuri sana. Nikafurahi, nikampigia simu kumpa habari.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na sauti ya Baba umeiweka wapi?"

Mzee wetu, kabla hajafa, alikaa naye jioni kadhaa akamsimulia ukoo wetu, babu hadi babu, walikotoka na waliozikwa wapi. Dada alimrekodi katika laptopu ile. Mimi sikujua. Wala sikuuliza. Fundi mmoja alihangaika nayo siku tano. Akapata vipande viwili visivyo na majina, kimoja cha dakika kumi na moja na kingine chini ya hapo. Mzee anaanza kumtaja bibi yake, halafu sauti inakatika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kusakinisha haimo katika mashine. Ni kumwendea mwenye mashine, na kama ni ya familia, kuwaendea wote waliowahi kuitumia, na kumwuliza kila mmoja: "Kuna nini humo?" Usiulize, "Unaihitaji?" maana mtu hujibu kwamba haihitaji mashine, akiwa amesahau kilichomo. Kisha nakili kila kitu katika diski ya nje, ufungue mafaili kadhaa kutoka katika nakala hiyo, kwenye kompyuta nyingine, uone kwamba yafunguka. Nakala ambayo hujaifungua bado si nakala.

Ya pili, chomeka chaja, na usifanye kazi hii siku ya umeme wa mashaka.

Ya tatu, amua mahali. Mimi sasa humwambia kila mwanafunzi aanze kwa flashi ya pili ya GB 16 au diski ya nje, na laptopu aiache kama ilivyo. Inakwenda polepole zaidi kuliko diski ya ndani, lakini ukikosea umepoteza flashi. Anayetaka kuiweka ndani pamoja na Windows, apunguze kwanza nafasi ya Windows kwa kutumia programu ya diski ya Windows yenyewe, abakize GB 16 au 20 tupu, kisha aizime Windows kwa kuizima kabisa, si kwa kuilaza.

Ukianza programu ya Installer, bonyeza kitufe cha kupanga diski, itafunguka DriveSetup. Hapa acha mikono magotini, usome tu. Kila diski ina njia yake iliyoandikwa. Flashi ina neno usb ndani yake. Diski ya ndani ina ata, scsi au nvme. Tazama na ukubwa: diski ya GB 320 haiwezi kuwa flashi yako ya GB 16. Ukiwa na mtu karibu, mwite asome naye. Macho ya mtu asiye na haraka huona. Katika nafasi tupu tengeneza kipande kipya, ukiandae kwa mfumo wa mafaili wa Be. Kile cha kuanza diski nzima upya usikiguse, isipokuwa ni diski isiyo na kitu kabisa. Kisha rudi kwa Installer, chagua kipande hicho, uanze. Kunakili kwa kawaida hakuchukui muda mrefu. Kikombe kimoja cha chai chatosha.

Limebaki la kuamsha. Mashine za zamani zenye BIOS hutaka kizingiti kiandikwe mwanzo wa kipande, na Installer huifanya kazi hiyo. Ikiwa mna mifumo miwili, programu ya BootManager, iliyomo katika Haiku, itakuwekea orodha ya kuchagua. Mashine za UEFI ni tofauti: hizo hutafuta faili la kuamshia katika kipande kidogo maalumu cha diski. Kwa biti 64 faili hilo ni BOOTX64.EFI, nalo hukaa ndani ya folda EFI, kisha BOOT. Likiwapo tayari faili la jina hilo la mfumo mwingine, usilifunike. Tengeneza folda yenye jina HAIKU kando yake, uliweke humo, kisha uielekeze mashine kulitafuta huko.

Ninazo barua mbili za kujibu kabla ya wakati kwisha.

Msikilizaji mmoja auliza: akiharibu mfumo baada ya kusakinisha programu mbaya, aanze upya? Hapana, ndugu. Haiku haitawanyi programu vipande vipande katika diski. Kila programu ni furushi moja lililofungwa, na mfumo husoma ndani yake bila kulifungua. Kila unapobadilisha mafurushi, hukumbuka yalivyokuwa awali. Katika ile orodha ya Shift unaweza kuchagua hali ya tarehe iliyopita, ukaamka katika mfumo wa juzi. Mafaili yako mwenyewe hubaki.

Mama mmoja auliza kama laptopu ya mwanawe, aliye masomoni mbali, yafaa kufanyiwa hivi ili wadogo zake wajifunzie. Mama, jibu langu umekwisha lisikia. Mpigie mtoto simu kwanza, mwulize kilichomo, umngoje akumbuke. Akikumbuka kitu kesho yake, mshukuru. Wadogo zake waanze na flashi.

Kwa juma lijalo, kila kikundi kilete flashi moja tupu na faili la Haiku lililokwisha pimwa lakiri yake. Asiye na intaneti kwao aandamane na jirani aliye nayo, wapakue mara moja kwa kikundi kizima. Tutajifunza kutengeneza orodha hai ya mafaili, na tutaanza kwa kuandika anwani za watu watano. Kwaherini.